Anayetangulia

Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo binti alipanda ngazi haraka haraka, simu ikimfundisha Kichina masikioni. Kesho yake alikuwa na usaili wa kazi ya kutembeza wageni, na neno moja lilikuwa likimpiga chenga tangu asubuhi.

"Xiangdao," ilisema simu. "Mtu anayetangulia ili wengine wasipotee."

"Xiangdao," akaitikia kwa sauti, kila ngazi.

Alipofika mlangoni pa kliniki ya macho, ghorofa ya tatu, neno lilikuwa limemkaa. Akageuka kwa furaha.

"Mama, nimelipata."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Alimkuta mama yake chini kabisa ya ngazi, kiatu kimoja kimemchomoka, kiganja kikipapasa ukuta. Mguu ulio wazi ulikuwa ukiitafuta ngazi kama anayepima maji ya moto. Alikuwa akiwaomba radhi wapita njia kwa kuwazibia njia.

"Mbona umerudi, mwanangu? Nilikuwa naifuata sauti yako. Hata lile neno nimelishika."

Akalitamka polepole, bila kosa.

"Maana yake nini?"

Binti akainama kukitafuta kiatu, ingawa alikuwa anakiona.