Chura Aliyehamisha Barabara

Meneja alizama topeni hadi kiunoni, ndoo mkono wa kulia, chandarua mkono wa kushoto, na bado chura hakuonekana.

Alisikika tu.

"Krrrooo... pwiiii!"

Sauti ilitoka ndani kabisa ya matete, nzito, ya kiumbe asiye na wasiwasi wowote na dunia.

"Bosi, toka huko!" mafundi waliita kutoka nchi kavu, wakijiziba midomo wasicheke.

Meneja hakutoka. Kazi ya wiki tatu ilikuwa imelala kwa sababu ya mnyama huyo, naye alikuwa ameapa kumtia ndooni siku hiyo hiyo.

Mambo yalianza hivi. Ramani ilipitisha barabara katikati ya kinamasi. Malori yangemwaga kifusi, greda lingesawazisha, na kijito kinachotoka humo kingejitafutia njia yake. Mama Mazingira, afisa aliyeajiriwa kulinda maji na mimea pale saiti, alikataa. Aliandika ripoti kwamba kinamasi ndicho kinachochuja maji, na maji hayo ndiyo wanayokunywa watu wote wa bondeni, pamoja na watoto wa shule mbili.

Meneja aliikunja ripoti mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa meza yake iliyokuwa ikiyumba. Ripoti ya pili ilikwenda chini ya mguu wa pili.

Lori la kwanza lilipomwaga kifusi, maji ya bondeni yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Mama Mazingira alisimama mbele ya lori la pili, mikono kiunoni.

"Mama, sogea," Meneja alimwambia. "Kijito si mtu. Kingekuwa na malalamiko, si kingesema?"

Siku mbili baadaye, saa saba na nusu mchana, wafanyakazi wakiwa wamejinyoosha kivulini baada ya kula, kinamasi kikasema.

"Krrrooo... pwiiii!"

Mama Mazingira aliirekodi sauti kwa simu, akamtumia profesa mmoja wa vyura. Profesa alifika kesho yake, mzee mwembamba mwenye masikio makubwa. Aliletewa kiti, hakukikalia. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, machozi yanamtoka.

"Miaka thelathini na sita nasikiliza vyura," alisema. "Huyu sijawahi kumsikia."

"Basi twende tukamwone," alisema Meneja.

"Usithubutu! Huyu ni mwoga. Akigutushwa mara moja tu, amehama. Mtu yeyote asiingie humo."

Mama Mazingira aliitikia kwa kichwa kwa nguvu hadi kofia yake ya kazi ikaanguka.

Kiumbe adimu hulindwa na sheria, kwa hiyo kazi ikasimama. Mama Mazingira akapewa watu na vifaa vyote alivyokuwa akiviomba tangu mwanzo. Vitambaa vya kuzuia udongo vikafungwa kandokando ya kijito. Mawe yakapangwa kwenye kingo. Tangi la dizeli likasogezwa mbali, na kile kifusi kikazolewa chote. Maji ya bondeni yakaanza kuonyesha tena mchanga wa chini.

Profesa naye alijaza daftari. Chura huyu, aliandika, huita baada ya chakula cha mchana tu. Jumapili haiti. Siku ya mvua haiti. Jumanne moja aliita huku akikatizwa na kikohozi, na hicho kikohozi profesa alikiita wimbo wa uchumba.

Meneja aliposikia habari za uchumba, uvumilivu ulimwishia. Aliona kitakachofuata: watoto, wajukuu, na barabara isiyokwisha maisha. Alimsubiri profesa aende kupiga simu, akachukua ndoo.

Sasa alipiga hatua nyingine. Buti la kushoto likabaki chini ya tope, yeye akaendelea na soksi. Sauti ilikuwa karibu sana. Akainua chandarua, akabana pumzi.

Sauti ikakatika.

Matete yakatikisika. Kitu kizito kikajigeuza ubavu wa pili, kikaguna.

Meneja alitoka kinamasini bila ndoo, bila chandarua, na sasa bila hata buti la kulia.

"Ni mkubwa kama ndama!" alisema, akihema. "Ameguna! Ameniambia kitu!"

Profesa alikuwa amekwisha kufika, kalamu mkononi. "Amesemaje?"

"Amesema... 'mmh.'"

"'Mmh,'" profesa aliandika, akapigia mstari mara mbili.

Mama Mazingira alimletea Meneja taulo na kikombe cha maji. "Pole sana, bosi. Kama ndama, umesema? Basi itabidi tuongeze eneo la ulinzi."

Meneja hakubisha. Alipiga simu makao makuu yeye mwenyewe, soksi zikimchuruzika, na kabla ya wiki kwisha wahandisi wakaja na ramani mpya. Barabara ingezunguka kinamasi kwa upande wa juu na kuvuka kijito mahali pamoja tu, kwa daraja pana ambalo maji yangepita chini yake bila kubughudhiwa. Meneja alisaini akiwa wima, macho kwenye matete. Profesa alilipakata daftari lake kama mtoto mchanga. Kisha wote wakapanda magari wakaenda zao, na mafundi wakafuata na lori la mwisho.

Mama Mazingira alibaki peke yake. Alivaa mabuti yake, akaingia kwenye matete bila kunyata, kama mtu anayekwenda jikoni kwake, hadi akafika penye kisehemu kikavu. Mwanamume mwenye kitambi alikuwa amelala chali juu ya mkeka, mdomo wazi.

Akamtikisa bega.

"Amka, baba watoto," alisema. "Wameshasaini. Kuanzia kesho utakoromea nyumbani."