Kila Neno Ni Lake

Mchungaji hakuwa amemaliza amina yake vizuri Fabian alipoinyakua maikrofoni.

"Kabla hatujamzika Oketch," alisema, "nina neno."

Waombolezaji wakachangamka. Msiba wa Usenge bila mwanamuziki haujatimia, na Fabian hakuwa mwanamuziki wa kubahatisha. Wimbo mmoja tu ulimtoa kwenye baa za Obunga ukamfikisha redioni, na Kisumu nzima iliujua: "Mercyline wa Otonglo, usifunge mlango, nakuja Jumatatu, wabembeleze mapacha wetu." Wengine walishaanza kuupigia makofi hapo hapo matangani.

Hawakujua kwamba ndio uliokuwa ukimtafuna roho.

Aliutoa kwa Oketch. Walipiga gitaa katika bendi moja, na siku moja, wakingoja mvua ipungue, Oketch aliuimba chini chini kama mtu anayejiimbia mwenyewe. Fabian aliushika wote. Baadaye akaingia studio, akaurudia kwa kinanda na ngoma za kisasa, akautoa kwa jina lake. Nyimbo hurudiwa kila siku, hilo halina ubaya, lakini muungwana humtaja mwenye wimbo. Yeye hakumtaja.

Oketch alipokuja kumtafuta, Fabian alijua leo ni ngumi. Mwenzake akacheka tu.

"Kaa nao, omera, ndugu yangu. Mtu akikuuliza, sema ni wako. Mimi usinitaje kabisa."

Wema huo ulimuumiza kuliko ngumi. Hata mkewe, Winny, alipomnunia akitaka kujua huyo Mercyline ni nani, na yeye akiapa kwamba ni jina la wimbo tu, aliona ni adhabu yake ya haki.

Sasa Oketch yumo ndani ya jeneza. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mjane wake, Selpha, mama aliyeanika omena, wale dagaa wa ziwani, miaka yote hiyo na kumpigia mumewe shati pasi kila Jumatatu akienda mjini Kisumu kupiga muziki. Mama huyu hata hakujua ameolewa na mtunzi mkubwa kiasi gani. Fabian aliona aibu kumtazama.

"Shemeji," alisema. "Nisamehe. Ule wimbo si wangu. Ni wa Oketch. Nilimwibia."

Makofi yakakatika. Machozi yalimtoka Fabian mbele za watu, na alipoyaacha yatoke alihisi kifua kikiwa chepesi. Akazidisha.

"Kila mtu asikie! Winny, wewe pia sikia. Mimi sikuongeza kitu. Kila neno ni lake, alilitoa moyoni mwake."

Selpha alisimama. Fabian akainamisha kichwa. Akumbatiwe au atukanwe, alistahili yote mawili.

"Kila neno, Fabian?"

"Kila neno, shemeji. Haki ya Mungu."

Selpha hakumtazama tena. Macho yake yalikuwa kwenye hema la mwisho, la wageni waliotoka Kisumu, ambako mwanamke mmoja alikuwa tayari amesimama, amewashika mikono wasichana wawili wa kimo kimoja, wenye paji pana la marehemu.