Mkwe Kwenye Kinu

Ukweni, mwanamume hakatai chakula wala hagusi kazi. Khatibu alikaa kitini, kanzu imenyooka, akaitazama sinia: wali wa nazi, sambusa, kuku anaogelea kwenye mafuta. Daktari alikuwa amemwambia ini lake limejaa mafuta, ila litapona akibadili mlo na kutoka jasho. Akila, anajidhuru. Akikataa, anamvunjia heshima mama mkwe.

"Mama," akasema hatimaye, "nimekatazwa mafuta. Ini langu linaumwa."

Bi Mwantumu akalitazama tumbo la mkwewe. "Na ulikuwa unangoja nini kusema? Sikumwoza mwanangu ili awe mjane!"

Akaiondoa sinia, akampeleka uani mbele ya kinu kilichojaa majani ya muhogo, akamkabidhi mchi. "Kisamvu hiki hakitiwi nazi. Lakini hakijitwangi."

Khatibu akakunja mikono ya kanzu, akatwanga. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Bi Mwantumu! Huyo ni mkwe au mkaza mwana?"

"Ni mgonjwa, anakunywa dawa!"

Khatibu akacheka hadi kofia ikamdondoka. Alipoinua macho kufuta jasho, mama mkwe alikuwa shambani nyuma ya nyumba, anachuma majani mengine.