Lithiamu Iliyovuka Ukingo

Kidole cha Ratri kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

Kwenye kompyuta, kisanduku cha kuigiza atomu, chenye fuwele aliyoitarajia kutengenezea betri, kilikuwa kimevurugika. Atomu moja ya lithiamu, jirani wa ukingo wa kulia, sasa ilikuwa kwenye ukingo wa kushoto, kama kwamba imewaruka wenzake wote.

"Mama, kazi ya mwezi mzima bure kabisa," alimwambia profesa wake, aliyekuwa akipita na bakuli la supu ya bakso. "Nafuta, nianze upya."

"Hebu subiri."

Profesa akaweka bakuli, akaokota kilichokandamiza karatasi za Ratri: muhuri wa shaba wa kupigia chapa vitambaa vya batiki, wa baba yake Ratri kule mjini Pekalongan, nta kavu ingali kwenye mianya. Ukingoni kulia, ua la nakshi lilikatika nusu.

"Baba yako alikuwa anauza maua nusu?"

"Aka, Mama! Nusu yake hii hapa kushoto. Ukigonga tena ubavuni, ua linatimia."

Kidole cha Ratri kikapapasa shaba, kikatokea kulia, kikaingia kushoto.

Kisanduku cha kwenye kompyuta nacho kilirudiwa vivyo hivyo, ubavu kwa ubavu, bila mwisho. Atomu haikumruka yeyote. Ilivuka ukingo kwa hatua moja tu, na pacha wake akaingia upande wa pili.

"Mtoto wa wapiga batiki, unanitia aibu," profesa alicheka, akilirudia bakuli lake. "Tena si wewe uliyekuwa unaomba lithiamu itembee ndani ya fuwele, betri ifanye kazi?"