Wa Kwanza Mtaani

Mwongozo wa lishe ulipopiga marufuku wanga, Semeni alikuwa wa kwanza mtaani kusalimisha mwiko, tena ule aliopewa na mama yake alipoolewa. Cheti alichotunukiwa siku hiyo bado kiko ukutani. Leo mwongozo umegeuka, ugali umeruhusiwa, na bwana afya amemletea mwiko mpya, wa kwanza mtaani.

Semeni akasonga ugali, kifua mbele. Ukatoka laini, bila donge hata moja.

Binti yake Zuhura, mwenye miaka kumi na minne, akauangalia. "Mama, hiki kinaliwa kwa kijiko?"

"Kwa mkono, mwanangu. Nitazame." Akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akamlisha.

Walipomaliza akauosha mwiko, akautundika mlangoni, ili wakija kuuchukua wasilazimike kuingia ndani.