Kigae cha Bi Mwanasiti

Siku hizi Lamu huchimbi hata shimo la choo bila mtu wa mambo ya kale kukaa ukingoni akiutazama udongo. Ndiyo sheria. Basi Bi Mwanasiti, mjane ambaye watoto wake wote wako ng'ambo, alipochimba choo akapata mgeni: Famau wa mambo ya kale, na kipimo chake cha umri wa vitu, kama tochi. Siku tatu wakanywa chai.

"Kwa mahamri haya, mama, niozeshe binti yako!"

"Nikuozeshe na meno hayo?"

Siku ya nne Famau akasema shimo halina kitu, alasiri anafunga kazi. Lingetoa kitu, angekaa siku arubaini. Bi Mwanasiti akaiona nyumba imekuwa kubwa ghafla. Famau alipokwenda kuswali adhuhuri, bibi akashusha bakuli kwenye kidaka cha ukutani, la nyanyake tu, akalivunja, akafukia kigae kimoja shimoni.

Famau aliporudi akakiona, akakimulika. Kipimo kikasoma miaka mia sita.

"Mama," akasema polepole, "ikipita mia tano, nyumba ni ya waliotangulia. Walio hai wanahama."

"Hasha, mwanangu! Nimekifukia mimi! Njoo uone vipande vyake!"

"Nakuamini. Lakini sheria inauliza udongo, haiulizi mtu."

Jioni Bi Mwanasiti akatoka na begi moja, akamkabidhi ufunguo.

"Utakaa peke yako humu?"

"Siku arubaini, mama."

"Majani ya chai yako kabatini," akasema. "Vikombe nimekuachia viwili."