Onja Kwanza

Kule mchezoni, tunakoingia kwa kuvaa kofia, kuna mji wa mawe wenye ukuta, na siku hizi anayekufa kule huzikwa huku. Ndiyo sheria. Kila mtu mzima ana upande wake vitani, na haruhusiwi kumwambia hata anayelala naye kitanda kimoja.

Mimi niko na jeshi lililouzingira mji. Asubuhi hii nilitumwa kutia sumu kwenye mfereji unaojaza kisima cha ndani ya ukuta, nikatia. Kisha nikavua kofia ya mchezo, nikaenda kupika.

Mchana mume wangu Msellem alikaa mkekani, midomo imemkauka. Kiu ya kule humfuata mtu mpaka huku. Alimega tonge la ugali, akasema kwa kujisahau, "Jioni nina zamu ya kulinda kisima. Angalau leo nitakunywa kata nzima ya maji."

Mkono wangu ulibaki ndani ya bakuli la mchuzi.

"Msellem," nikasema, "usinywe maji ya kisima kile."

Aliacha kutafuna. Hakuniuliza nimejuaje. Alinitazama kama mlinzi anavyomtazama mgeni langoni.

Nilimmiminia maji ya mtungi wetu, nikamsogezea kikombe. Akakirudisha kwangu kwa kidole kimoja, kama wafanyavyo kule mabwana kwa wapishi wao.

"Onja kwanza, mke wangu."

Nikanywa nusu, nikamrudishia. Hakukigusa. Alikitazama kifua changu, akisubiri kuona kama nitaendelea kupumua.